Ukipanda juu usiisikilize njaa yako

Mkuu, umeuliza kama unaweza kupunguza chakula kwenye begi ili liwe jepesi kwa hizo siku kumi za mazoezi milimani, maana umeambiwa huko juu watu hawasikii njaa. Ni kweli hawasikii. Mtego uko hapo hapo.

Nimevaa magwanda miaka tisa na ujanja huo niliufanya. Usiku wa kuamkia safari tulichambua rasheni zetu: maboksi nje, biskuti nje, siagi ya karanga nje, tukabaki na vile tunavyovipenda. Begi likapungua kama kilo tatu, nikajiona mjanja. Siku ya nne tukiwa juu ya mita 4,000, nilishika kijiko cha tambi nikakitazama hadi kikapoa. Siyo kwamba nilishiba, kinywa tu kilikataa. Siku ya tano nilishindwa kufunga zipu ya koti. Vidole vilikuwepo ila havikunisikia, mwenzangu akanifungia kama mtoto, na badala ya kumshukuru nikamgombeza. Dira niliisoma mara tatu, kila mara jibu jingine. Niliporudi nilikuwa nimepungua kilo sita.

Baadaye nilipoanza kusoma tafiti za jeshi la Marekani ndipo nikaelewa. Wana taasisi yao ya tiba ya mazingira pale Natick, Massachusetts, tangu 1961. Mwaka 1985 wanaume wanane waliingizwa kwenye chumba maalumu cha taasisi hiyo, na kwa siku 40 hewa ikapunguzwa kidogo kidogo hadi ikafanana na ya kilele cha Everest. Jaribio lilipewa jina la Operation Everest II. Ndani hakuna baridi, hakuna begi mgongoni, na chakula kizuri kipo tele. Hata hivyo ulaji ulishuka kutoka kama kalori 3,100 kwa siku hadi chini ya 1,800, na uzito ukapungua zaidi ya kilo 7. Kwa hiyo usimlaumu mpishi wala upepo: upungufu wa oksijeni peke yake unatosha kuua hamu ya kula, huku mwili ukiendelea kuunguza nguvu kama kawaida.

Wanajuaje mwili umeunguza kiasi gani? Hili lilinifurahisha. Askari anakunywa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha anaendelea na shughuli zake, kazi yake ni kutoa mkojo kwenye kichupa tu. Haidrojeni hutoka kwa njia ya maji peke yake, oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa hewa ya kaboni tunayoitoa puani. Tofauti ya kasi ya hizo mbili ndiyo inayoonyesha nguvu iliyotumika.

Usidhani ni suala la milima tu. Miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti hao waliwapima wanafunzi wa kozi ya Ranger, mafunzo magumu ya uongozi wa vita ya jeshi hilo, ya wiki nane hivi, usingizi haba na chakula kwa kipimo. Walipoteza karibu asilimia 15 ya uzito, homoni za kiume zikaporomoka, kinga ikadhoofika. Hao walikuwa vijana walioingia wakiwa wamekamilika, mkuu.

Sasa begi lako. Maboksi tupa, hewa ndani ya pakiti itoe, chakula kibaki. Ukiwa juu egemea wanga, kwa sababu kwa oksijeni ile ile unayovuta wanga hutoa nguvu nyingi kuliko mafuta. Usingoje mlo: tega saa ikuite kila baada ya saa moja, utafune kitu hata kama ni kipande cha ukubwa wa kidole. Vitafunwa hivyo viweke mfuko wa kifuani, ndani ya koti, visigande. Mimi kulia naweka biskuti, kushoto peremende, mkono unajua njia hata gizani.

Maji kunywa, ila usiyabugie ukidhani ndiyo usalama. Jeshi hilo hilo liliweka kikomo cha kama lita 1.4 kwa saa, baada ya askari kulazwa kwa sababu chumvi ya damu ilizimuliwa na maji mengi.

Ukiona kilo bado zinakuelemea, anza na lile koti la pili na chaja zako tatu.