Fulana ya timu iliyofungwa mara 121

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Nyakato. Mdogo wangu yuko Chicago kimasomo, kanitumia fulana nyeusi ya timu ya besiboli, White Sox. Nilikuwa naivaa kwa raha zangu, kumbe vijana wa kijiwe cha bodaboda wameshaitafuta kwenye simu. Sasa nikipita tu: "Mia ishirini na moja!" Wanasema ndizo mechi timu hiyo ilizofungwa mwaka 2024. Ni kweli? Na mbona haikushuka daraja? Niendelee kuivaa au niigeuze dekio?
Fundi, Nyakato

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, hapo usibishane nao. Walishinda 41, wakafungwa 121. Tangu 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyofungwa mechi nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Aibu hiyo kabla yao ilikuwa ya New York Mets, waliofungwa 120 mwaka 1962.

Ila waulize hao vijana, kati ya mechi ngapi? Timu ya Ligi Kuu yetu inacheza 30. Kule ni 162, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku, na sare hakuna. Timu inakwenda mji wa wenzao, inacheza mechi tatu siku tatu, inafunga mizigo na kuondoka. Mrushaji aliyeanza leo, siku nne zinazofuata humwoni, maana mkono hauwezi. Kwa wingi huo hata walio bora hufungwa. Seattle Mariners mwaka 2001 walishinda 116 na kufungwa 46, na watu wanawasimulia mpaka leo. Fikiria Simba au Yanga wafungwe 46! (Na hao Mariners fainali hawakufika, lakini hayo tuyaache.)

Wengi huniuliza mama muuza dagaa kaujulia wapi mchezo huu. Ni saa tu, mwanangu. Majira yao ya joto, saa moja jioni ya Chicago kwetu ni saa tisa usiku, na saa tisa mimi niko macho pale Igombe nasubiri mitumbwi, kanga begani, simu mapajani. Huko majini taa za wavuvi. Daftari langu lina kurasa ambazo mwanangu akizisoma ananionea huruma: mbalamwezi imekaa juu, siku kadhaa sijaandika hata ndoo moja; au mvua imezikuta dagaa zimeanikwa mchangani, nikauza kwa watu wa chakula cha kuku. Lakini hesabu naifunga Desemba, siifungi usiku ule wa mvua. Ndiyo maana timu hii haikunichosha.

Nao walijaribu kunichosha! Katika mechi 25 za kwanza walishinda 3. Julai kuingia Agosti wakafungwa 21 mfululizo, na kocha akafukuzwa siku chache baadaye. Ilipofika wiki ya mwisho ya Septemba walikuwa na 120, wako nyumbani kwao na Los Angeles Angels. Watu wakaja kushuhudia ya 121, wengine wakimpigia mwenye timu kelele aiuze. Usiku wa kwanza wako nyuma, mechi inakwisha, mara wakageuza matokeo wakashinda. Nilicheka peke yangu mpaka mpakuaji mmoja akaniuliza kama nimetumiwa pesa. Wakashinda zote tatu! Ya 121 ikawakuta ugenini Detroit tarehe 27, na usiku huohuo Detroit wakakata tiketi ya hatua ya mtoano. Mbili zilizobaki wakashinda tena.

Kushuka daraja kule hakuna. Timu ni 30, zinabaki hizohizo. Kwa kawaida dhaifu hupewa nafasi ya mbele kuchagua vijana wapya, kwa kuchezesha bahati nasibu. Lakini kanuni haziruhusu timu tajiri za miji mikubwa kupata nafasi za bahati nasibu miaka miwili mfululizo, na White Sox walishapata 2024. Kwa hiyo 2025 wakasogezwa mpaka nafasi ya 10. Wamefungwa kuliko wote, na uchaguzi wamekosa. Hapo niliwahurumia kweli.

Kama kijiweni kuna Mkatoliki, mwambie Papa Leo wa XIV ni mtu wa Chicago na timu yake ndiyo hiyo ya fulana yako. Mwaka 2005 alikuwa jukwaani mechi ya kwanza ya fainali, mwaka walipotwaa ubingwa waliokuwa hawajauona tangu 1917.

Fulana vaa. Msimu wa 2025 walishinda 60, yaani 19 zaidi ya mwaka uliotangulia, na hiyo waambie kwa sauti. Wasipokuuliza walifungwa ngapi, usiwaambie 102.