Ukitaka kuijua manowari ya kutega mabomu, anza na sitaha yake

Anayeanza kusoma habari za manowari huanza na mizinga. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilikuwa na daftari, mizinga upande huu, kasi upande ule, na nilipofika kwenye manowari za Uingereza za kutega mabomu baharini, zile za aina ya Abdiel, nikaandika "mizinga sita ya inchi 4", nikaziona dhaifu, nikafunua ukurasa mwingine.

Miaka ikapita. Nikaingia kazini, nikawa ofisa wa sitaha katika meli za kubeba magari. Usiku mmoja, baada ya kushusha shehena yote, nilisimama kwenye sitaha ya magari. Ilikuwa tupu kutoka omo, yaani mbele ya meli, hadi tezi, yaani nyuma yake, hakuna ukuta hata mmoja wa kukatiza macho. Hapo nikaukumbuka mchoro wa Abdiel. Nilichokiruka kwenye daftari langu ndicho kilichokuwa meli yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wewe unayeanza ni huu: unaposhika mchoro wa meli ya kivita, tafuta kwanza mahali ambapo hapana kitu. Uliza kwa nini pameachwa wazi. Nguvu za meli na udhaifu wake mara nyingi vimelala mahali pamoja.

Tuzichukue hizi Abdiel ziwe somo letu. Zilikuwa sita: Abdiel, Latona, Manxman na Welshman, zilizoagizwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha Ariadne na Apollo zilizofuata baadaye. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 127 na upana wa mita 12 tu, tani 2,650 ikiwa nyepesi na karibu 4,000 ikijaa, mabomba matatu ya moshi, na mitambo ya mvuke yenye nguvu za farasi 72,000. Ndani ya kiunzi, juu ya vyumba vya boila na injini, ilipita sitaha ya mabomu karibu urefu wote wa meli, imefunikwa, ina reli kama za treni. Juu ya reli hizo yalipangwa mabomu hadi 156, na huko tezi kulikuwa na milango ya kuyatupia majini.

Usiendelee mbele kabla hujaelewa bomu lenyewe linavyofanya kazi. Wengi hudhani ni pipa linaloachwa lielee. Sivyo. Bomu la kutegwa limekaa juu ya kigari kizito cha chuma chenye magurudumu, na kigari hicho ndicho nanga yake. Kigari kina bildi, yaani kipande kizito cha kupimia kina, inayoning'inia kwa kamba fupi. Ukitaka bomu likae mita 3 chini ya uso wa maji, kamba ya bildi iwe mita 3. Vikianguka majini, bomu linaelea, kigari kinazama huku kikiachia waya, na bildi inatangulia mbele yake. Bildi ikigusa chini, waya unakazwa papo hapo. Kigari kinamalizia ile safari ya mita 3 iliyobaki na kulivuta bomu chini kiasi hicho hicho. Hakuna mtu aliyepima kina cha bahari, kamba imepima yenyewe. Mara ya kwanza nilipoielewa hesabu hii nililazimika kuweka kalamu chini kwa jinsi ilivyonipendeza. Aliyekulia pwani ataongeza jambo: maji ya bamvua yakitoka, bomu hukaribia uso wa bahari, kwa hiyo mtegaji lazima ajue majira ya maji ya mahali anapotega.

Bomu lina pembe za risasi laini, na ndani ya pembe mna kichupa cha kioo chenye asidi. Meli ikiipinda pembe, kichupa huvunjika, asidi hukamilisha betri, na umeme huliwasha bomu.

Sasa kuhusu tezi. Kabla ya Abdiel, Waingereza walikuwa na Adventure, iliyoshushwa majini 1924. Tezi yake ilikatwa wima kama sanduku. Ikaonekana kwamba maji nyuma yake yalizunguka na kuyarudisha mabomu kwenye meli ile ile iliyoyatupa, na tezi ikabidi ijengwe upya. Pia ilikuwa ya polepole. Kazi ya kutega karibu na bandari ya adui hutaka uingie gizani na utoke gizani, na kabla ya alfajiri uwe mbali. Ndiyo sababu Abdiel zikapewa injini kubwa kiasi kile.

Hapa nakuonya juu ya namba za kasi. Makaratasi ya wabunifu yalitaja maili 39.75 za baharini kwa saa kwa meli nyepesi, na 38 ikiwa imejaa. Utakutana na masimulizi yanayozidisha, na kila msimulizi huongeza kidogo. Ukiona namba ya kasi, uliza uzito wa meli siku hiyo. Bila uzito, hiyo namba usiitumie.

Kazi iliyokusudiwa ilifanyika, na ilifanyika vizuri. Alfajiri ya 21 Mei 1941 Abdiel ilitega mabomu nje ya rasi ya Dukato, kisiwa cha Lefkada, Ugiriki. Siku hiyo hiyo ilizama destroya (manowari nyepesi ya kasi) ya Italia, Carlo Mirabello, ikazama manowari ndogo Pellegrino Matteucci, na zikazama meli mbili za Kijerumani, Kybfels na Marburg, zilizobeba vifaa vya Divisheni ya 2 ya vifaru. Hakuna mzinga uliolia. Agosti mwaka huo Manxman ilijigeuza ionekane manowari ya Kifaransa, ikaingia hadi karibu na Livorno, Italia, ikatega, ikatoka salama.

Lakini tazama jambo ambalo wabunifu hawakuliweka mbele. Sitaha ndefu, kavu, iliyofunikwa, yenye reli, ndani ya meli inayokimbia kuliko karibu zote: ukitoa mabomu, umepata meli ya uchukuzi. Ndivyo zilivyotumika Mediterania, miezi kwa miezi. Abdiel iliwahamisha askari kutoka kisiwa cha Krete. Abdiel na Latona zilipeleka watu na risasi Tobruk, bandari ya Libya iliyozingirwa, usiku kwa usiku, na njiani kwenda huko ndiko Latona ilikoishia tarehe 25 Oktoba 1941, ilipopigwa na ndege za kivita na moto ukashindikana kuzimwa.

Safari ninayoipenda zaidi ni ya Welshman kwenda Malta. Kisiwa kilikuwa kinakaribia kukwama. Tarehe 10 Mei 1942 Welshman iliwasili peke yake, imejigeuza destroya ya Kifaransa, sitaha imejaa risasi za kutungulia ndege, mitungi ya kufukiza moshi wa kuficha bandari, injini za ndege, maziwa ya unga na mafundi wa ndege. Siku moja kabla, ndege za Spitfire zilikuwa zimetua kutoka manowari za ndege Wasp na Eagle. Basi siku ile ndege zilikuwapo, mafundi walikuwapo, moshi ulikuwapo. Shehena ilishushwa huku mabomu ya ndege yakianguka, na usiku meli ikaondoka. Ilirudi Malta tena mwaka ule ule. Ukiandika habari za meli hii ukaishia kwenye mizinga sita, utakuwa umewanyima haki waliopakua maziwa yale chini ya mabomu.

Sasa rudi kwenye ule uwazi. Chukua sinia, limimine maji kidogo, kisha jaribu kutembea nalo. Likiinama nukta, maji yote hukimbilia upande ule, uzito wake huliinamisha zaidi, na maji zaidi hufuata. Weka maji hayo hayo kwenye vikombe kumi juu ya sinia, utatembea nalo hadi sebuleni. Kuta za kuzuia maji ndani ya meli ndivyo vikombe. Sitaha ya mabomu ilikuwa sinia.

Jioni ya 1 Februari 1943, si mbali na Tobruk, nyambizi ya Kijerumani U-617 iliipiga Welshman kwa topido. Meli haikuzama papo hapo. Ilibaki juu ya maji karibu saa mbili, na huko ndani maji yalikuwa yameshafika kwenye sitaha ya mabomu na kutapakaa. Ikaenda mrama, ikapinduka, ikachukua watu zaidi ya 100. Sisi wa meli za magari tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Zeebrugge, Ubelgiji, 6 Machi 1987, feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka milango ya omo ikiwa wazi, maji yakaingia sitaha ya magari, watu 193 wakafa.

Hata hivyo usikimbilie kuandika kwamba meli ilibuniwa vibaya. Miezi miwili kamili kabla, tarehe 1 Desemba 1942, Manxman nayo ilipigwa topido nje ya pwani ya Algeria, na U-375. Ikavutwa hadi Oran, ikatengenezwa, ikatumikia hadi miaka ya 1970. Muundo ule ule, silaha ya aina ile ile, na moja imeishi. Mahali topido lilipogonga na maji yalikopita vina neno lao. (Hii Manxman, kwa wasomaji wa Mombasa, ilikuwa katika msafara wa Septemba 1942 wa kuitwaa Madagascar, operesheni ambayo askari wa King's African Rifles nao walipigana.)

Abdiel yenyewe iliuawa na silaha ya kazi yake. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 1943, bandarini Taranto, Italia, ikiwa na askari wa miavuli wa Uingereza, ililipukiwa na mabomu yaliyotegwa na boti za kasi za Kijerumani zilipokuwa zikiondoka bandarini humo. Walikufa askari 58 na mabaharia 48.

Ariadne ilikwenda Pasifiki, ikatega nje ya Wewak, New Guinea, Juni 1944. Apollo ilimbeba Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa Washirika, kwenda kuona fukwe za Normandy tarehe 7 Juni 1944, na Aprili 1945 ikaongoza utegaji wa mabomu ya kina kirefu kwenye mlango wa Kola, kaskazini mwa Urusi, dhidi ya nyambizi.

Kwa wiki yako ya kwanza, usisome kitabu kizima. Tafuta mchoro wa ubavu wa Abdiel, chukua penseli ya rangi, paka sitaha ya mabomu kutoka omo hadi tezi. Kisha weka alama kila mahali unapoona ukuta wa kuzuia maji ukifika juu ya sitaha hiyo. Zihesabu.