Jibu: Grafu haipandi ingawa marudio yameongezeka

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini grafu ya skwati (zoezi la kuchuchumaa na kuinuka ukiwa umebeba uzito) imebaki kwenye kilo 60, ilhali sasa unafikisha marudio 8 badala ya 5. Kwanza angalia grafu hiyo inachora nini, kwa sababu ikiwa inaonyesha uzito mkubwa ulioinuliwa tu, maendeleo yako hayataonekana kabisa. Mimi hufuatilia makadirio ya uzito wa juu kabisa kwa rudio moja, ambayo kwa kanuni ya Epley hupatikana kwa kugawanya marudio kwa 30, kujumlisha 1, kisha kuzidisha kwa uzito: marudio 5 hukupa kilo 70, na 8 hukupa 76. Hayo ni maendeleo ya kweli. Makadirio yanayotokana na marudio zaidi ya 10, hata hivyo, usiyategemee sana.