Chenga za ultrasaundi: usikimbilie wastani
Dadangu wa Kisauni, umeuliza mbona ukisafisha picha kwa wastani wa pikseli (nukta za picha) jirani, kingo za ini zinafutika pamoja na chenga, yaani vile vidoa vya punjepunje. Wastani hauoni kingo, unapaka kote sawasawa kama samli kwenye chapati. Isitoshe, chenga za ultrasaundi hazijumlishwi juu ya picha, zinazidishwa nayo, ndiyo maana panapong'aa zinazidi. Logi (logarithimu) ya mwangaza hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, hapo chenga zinakuwa rahisi kusafisha. Ila angalia: picha ya skrini ya mashine kwa kawaida imeshapigwa logi, ukiipiga tena unaiharibu. Omba data ghafi, kama watakupa.

Kisha jaribu mbinu ya kusafisha picha ya watafiti Rudin, Osher na Fatemi ya 1992. Inapunguza jumla ya mabadiliko ya mwangaza, lakini haiuadhibu ukingo mkali zaidi ya mteremko wa polepole wenye kimo kilekile, ndiyo maana kingo zinabaki. Ugumu ni kuchagua uzito wa kulainisha, yaani picha ilainishwe kiasi gani: ukizidi, picha inakuwa mabaka na uvimbe mdogo unapotea. Hapo muite daktari wa picha atazame, namba za kosa (tofauti kati ya picha uliyosafisha na picha safi) pekee hazitoshi. Mitandao ya nyuroni (programu zinazojifunza kutoka kwa picha nyingi) iache kwanza, laptopu itachemka bure na joto hili la Mombasa.