Jibu: Nilimlea kwenye uimbaji, leo hanijui

Pole sana, mwalimu. Umeuliza kama ulipoteza miaka yako kwa kijana uliyemfundisha kuimba, ambaye sasa yuko kwenye majukwaa makubwa, hakutaji na simu zako hapokei. Limenikaa moyoni swali hili, maana nami nafundisha kwaya.

Nicola Porpora, mwalimu wa uimbaji wa Napoli, Italia, katika karne ya kumi na nane, yalimkuta hayo. Alimfundisha Caffarelli, mwimbaji aliyekuja kuvuma, na inasimuliwa kwamba kwa miaka kadhaa alimpa karatasi moja tu ya mazoezi, ile ile kila siku, mpaka sauti ikakomaa. Caffarelli akatajirika. Akajenga jumba, na mlangoni akaandikisha kwa Kilatini kwamba Amfioni (yule wa hadithi za Kigiriki aliyejenga kuta za mji kwa muziki wake) aliijenga Thebe, na yeye nyumba hii. Mwalimu wake alikufa fukara mwaka 1768, mazishi yakafanywa kwa michango, na Caffarelli yuko hai, mali tele!

Lakini anayenigusa zaidi ni Joseph Haydn, mtunzi wa muziki wa Austria. Akiwa kijana maskini kule Vienna, alimpigia Porpora kinanda wakati wa masomo, akamsafishia na viatu. Alitukanwa, akavumilia. Mwaka 1776, akiwa mtunzi mwenye jina, aliandika kwamba misingi ya kweli ya utunzi aliipata kwa Porpora.

Kwa hiyo simu hizo acha kupiga, mwalimu wangu. Darasa tu usilifunge. Yupo mmoja hapo nyuma anayekugeuzia kurasa za nota, pengine kaja kwa miguu. Saa uliyokuwa ukimpa yule, mpe huyu.