Muulize Shangazi: Nesi wa Karonga aliyeolewa Uyole

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mngonde wa Karonga, Malawi, nimeolewa hapa Uyole, Mbeya. Kwetu nilikuwa nesi miaka sita. Hapa namsaidia mama mkwe kupanga viazi. Kuna kaka anataka laki tatu anitafutie kibali cha kazi. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe hata shilingi! Jirani yangu Mzambia alitoa pesa kama hiyo, akapewa karatasi. Niliishika kwa mikono yangu: muhuri umejaa wino hadi maandishi hayasomeki. Alilia sebuleni kwangu.

Kibali cha kazi, kwa sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, huombwa na mwajiri na hutolewa na Kamishna wa Kazi. Cha ukaazi ni cha Uhamiaji, hicho ni kingine.

Ila wewe anza na taaluma yako. Humgusi mgonjwa hapa kabla hujasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Leo jioni tandaza vyeti, pasi na cheti cha ndoa mezani, usome majina herufi kwa herufi. Wanawake wengi tunakwama hapo: cheti kina jina la baba, pasi ina la mume.

Halafu ukienda kuomba kazi, usifiche Kingonde chako. Ni ndugu wa Kinyakyusa, na bibi mgonjwa kutoka Rungwe anamhitaji nesi atakayemwelewa anaposema panapomuuma.