Kadi za beisboli kwenye filamu ya Krismasi: soma ukingo, achana na sura

Swali la wiki liliuliza hivi: katika zile filamu za Krismasi za Kimarekani zinazorudiwa kila Desemba, kadi za beisboli, vile vikadi vyenye picha za wachezaji ambavyo watu hukusanya, huonekana sekunde mbili tatu chumbani kwa mtoto, kisha picha inahama. Je, mtazamaji anaweza kujua ni kadi za mwaka gani, na kama ni za zamani kweli?

Anaweza, na mara nyingi atafika hadi mwaka wenyewe bila kusoma jina hata moja. Kinachowakwamisha wengi ni kuanza na mchezaji: wanakodolea macho sura, wanabahatisha jina, halafu wanakimbilia bei.

Piga hesabu hii. Picha ya HD ina mistari 1080 kutoka juu hadi chini. Kadi ikichukua sehemu moja ya ishirini ya kimo hicho, inaambulia pikseli 54. Kadi ya kawaida ina urefu wa milimita 89, kwa hiyo herufi ya milimita 2 inapata pikseli moja na ushee. Hapo hakuna jicho litakalosoma kitu. Hata kwenye 4K herufi hiyo haifiki pikseli tatu. Ukingo wa kadi nao ni mwembamba, lakini umeizunguka kadi nzima, na rangi yake inaonekana hata pale jina lilipogeuka ukungu. Bahati nzuri ni kwamba kampuni ya Topps ya New York, iliyotawala biashara hii kwa miaka mingi, ilikuwa ikibadilisha muundo kila mwaka. Ukiujua ukingo, umeujua mwaka.

Kabla ya kugusa picha, tafuta filamu ilipigwa lini. Tarehe ya upigaji picha ndiyo muhimu, kwa sababu tarehe ya kutoka sinema huja miezi mingi baadaye. Home Alone, kwa mfano, ilipigwa kati ya Februari na Mei 1990 na ikatoka Novemba mwaka huo. Basi ukijiaminisha kwamba umeona humo ule ukingo wa njano wa kadi za kampuni ya Fleer za 1991, umekosea, wala hakuna haja ya kubishana. Tarehe hiyo ni dari tu. Chini yake kadi inaweza kuwa ya mwaka wowote, maana mtunza vifaa vya kuigizia hununua boksi lolote lililo rahisi.

Filamu inayosimulia zama zilizopita ina tarehe mbili. A Christmas Story ilitoka 1983, lakini hadithi yake iko karibu na mwaka 1940. Mtoto wa Indiana wa miaka hiyo angekuwa na Play Ball, kadi za kampuni ya Gum, Inc. ya Philadelphia zilizotoka 1939 hadi 1941, au masalia ya kadi za kampuni ya Goudey ya Boston zilizoanza 1933. Play Ball za 1939 na 1940 hazina rangi. Za 1941 ndizo zilizotiwa rangi. Kisha linakuja pengo ambalo hata wakusanyaji hulisahau. Vita vya Pili vya Dunia vilikula karatasi na malighafi ya mpira, na kadi za bablishi, yaani zilizouzwa pamoja na bablishi, zikakatika hadi kampuni ya Bowman ilipoanza 1948. Kwa hiyo filamu iliyopigwa 1946 au 1947 haikuwa na kadi mpya ya bablishi ya kuonyesha; ukiona kadi humo, tafuta zilizotoka kabla ya vita.

Sasa picha yenyewe. Tumia diski ukiipata, kwa sababu filamu inayotiririshwa kwenye intaneti hubanwa, na kinachobanwa kwanza ni pembe zenye giza, yaani hasa pale kadi zinapolala. Kwenye programu ya VLC, simamisha filamu kisha bonyeza herufi E: kila ukibonyeza inasogea fremu moja. Shift na S hukupa nakala ya picha. Sekunde moja ina fremu 24, na kila fremu kwa kawaida huchukua mwanga kwa sehemu ya 48 ya sekunde. Mkono unaopitisha kadi kwa kasi ya sentimita 30 kwa sekunde utaifuta picha kwa milimita 6, upana unaozidi ukingo wenyewe. Ndiyo maana fremu nyingi ni uji mtupu. Tafuta ile ambayo mkono unageuza mwelekeo, kwa mfano kadi ilipofika juu kabla ya kushuka, maana hapo mkono husimama kidogo. Chukua fremu tano au sita za jirani uzipange pamoja. Chengachenga za filamu hubadilika kutoka fremu hadi fremu, ukingo haubadiliki.

Ukiwa na kanda ya zamani ya filamu hiyohiyo, ile yenye umbo la televisheni ya mraba, iangalie pia. Filamu nyingi za miaka ya 1980 zilionyesha sehemu kubwa zaidi ya juu na chini katika toleo hilo, na kadi iliyokatwa kwenye toleo pana unaweza kuikuta nzima. Ila wakati mwingine pembeni ndiko kumekatwa.

Umbo la kadi huondoa miaka mingi kwa mpigo. Pima upande mrefu, gawa kwa mfupi. T206, zile zilizouzwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, hutoa 1.8: ni nyembamba, na ukishaiona moja huipotezi. Goudey za 1933 na Bowman za 1948 zinakaribia mraba, 1.2. Play Ball ni 1.25. Bowman za 1951 na 1952 ni 1.5. Topps za 1952 hadi 1956 ni 1.43, na kuanzia 1957 Topps ikatulia kwenye inchi 2½ kwa 3½, yaani 1.4. Hicho ndicho kipimo cha karata za kawaida za kuchezea, kwa hiyo aliyewahi kushika karata anajua ukubwa wa kadi hizi mkononi.

Uwiano huo una mtego. Kadi iliyolala mezani na kamera iko pembeni huonekana fupi kuliko ilivyo, na kadi ya 1.4 inaweza kujifanya Goudey. Pima iliyobandikwa ukutani au iliyoshikwa ikitazama kamera. Kama zote zimelala, tafuta kitu unachokijua kipimo chake kwenye meza hiyohiyo, karata au bahasha, uone chenyewe kimefupika kiasi gani.

Ukishajua umbo, rudi kwenye ukingo. Hapa ndipo penye utamu.

Kwenye kadi za kawaida za Topps, ukingo wa mbao umetokea mara mbili, 1962 na 1987, na watu huzichanganya kila mwaka. Kwenye ya 1962, pembe ya chini kulia ya picha imechorwa kana kwamba karatasi inabanduka na kujikunja, na jina limeandikwa pale palipobanduka. Ya 1987 ina nembo ya timu kwenye pembe ya juu kushoto, na jina liko ndani ya kisanduku cha rangi chini kulia. Huhitaji kusoma chochote: ukiona doa la rangi moja lenye umbo la mstatili chini kulia, ni 1987; ukiona mkunjo, ni 1962. Kwenye filamu iliyopigwa kati ya 1987 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukinilazimisha kubahatisha nitasema 1987 bila kusita. Zilichapishwa kwa wingi wa kutisha, na boksi lake lilikuwa rahisi.

Ukingo mweusi nao ni mashuhuri. Topps 1971 ni nyeusi pande zote, na saini ya mchezaji imechapwa juu ya picha. Wino mweusi hubanduka kwenye makali, kwa hiyo kadi iliyochezewa huonyesha nyuzi nyeupe pembeni, kama shati jeusi lililochakaa kola. Huo mstari mweupe uliokatikakatika unaonekana hata kwenye picha mbaya. Kampuni ya Donruss nayo ilitumia ukingo mweusi 1985, ukiwa na mistari myekundu, na tena 1987, ukiwa na mkanda uliochorwa mipira. Topps 1986 ina weusi juu tu. Chini ni nyeupe. Kidole cha mwigizaji kikifunika chini, utaapa ni ya 1971.

Nyingine kwa haraka. Topps 1975 ina ukingo wa rangi mbili, moja juu na nyingine chini. 1968 inafanana na gunia. 1970 ni kijivu. 1959 imeweka picha ndani ya duara. 1963 ina mkanda wa rangi chini na kipicha kidogo ndani ya mviringo. Kadi zilizochapwa kwa kulala, yaani upana wake unazidi kimo, ni Topps za 1955, 1956 na 1960, pamoja na Bowman ya 1955, ambayo picha yake imo ndani ya fremu ya televisheni ya mbao. Hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote. Topps 1990 ina kingo za rangi kali zenye vitone, na Donruss ya mwaka huo ni nyekundu tupu. Kadi ya kampuni ya Upper Deck, iliyoanza 1989, ina hologramu ndogo mgongoni: kadi ikigeuzwa mbele ya taa, kitu kinamweka kwa fremu moja au mbili. Mmweko huo ukiwa wa kweli, kadi haiwezi kuwa ya zamani kuliko 1989.

Rangi huwadanganya hata wazoefu, na filamu za Krismasi ndizo mbaya zaidi. Taa za mti na balbu za ndani hutia kila kitu manjano, kisha mafundi wanaosafisha filamu kwa toleo jipya huongeza joto la rangi juu yake. Ukingo mweupe unageuka krimu, wa kijivu unageuka kahawia. Kabla ya kutamka rangi, tafuta kitu unachojua ni cheupe kwenye fremu hiyohiyo na mwanga uleule: kola ya shati, karatasi ya daftari, theluji dirishani (ingawa theluji ya usiku huwa ya bluu, usiitegemee). Kama kola nayo ni ya njano, ukingo wako ni mweupe.

Angalia pia kama ni beisboli kweli. Topps ilitoa kadi za mpira wa miguu wa Kimarekani na za magongo ya barafuni, zenye ukubwa uleule. Kofia ya kitambaa yenye kikinga jua mbele ni beisboli. Kofia ngumu yenye vyuma usoni siyo.

Filamu nyingi za Krismasi za Kimarekani hupigwa Kanada, na huko kulikuwa na kampuni ya O-Pee-Chee ya London, Ontario, iliyochapa miundo ya Topps kwa leseni. Mbele zinafanana mno. Mgongoni, kuanzia 1970, maandishi ni ya Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo yamebanana zaidi. Mwaka utakuwa sahihi, kampuni utakosea. Kwa swali la "ni ya lini" haidhuru, kwa swali la bei inadhuru.

Kuhusu "za zamani kweli": wauzaji wengi huita kadi ya zamani ile iliyotoka kabla ya 1981, mwaka ambao Fleer na Donruss ziliingia sokoni na Topps ikaacha kuwa peke yake. Kadi ya 1987 kwenye filamu ya 1990 ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Iliyozeeka ni filamu. Leo kadi hiyo, mchezaji akiwa wa kawaida, bei yake ni ya peremende.

Kinyume chake ni Topps ya 1952, ambayo kadi yake namba 311, ya mchezaji Mickey Mantle, iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Kwa bei hizo, seti hiyo ikionekana kwenye filamu, mtazamaji hushtuka. Tulia kwanza. Mwaka 1983 Topps yenyewe iliichapa upya, kwa muundo uleule lakini katika kipimo cha kisasa. Ya asili ni milimita 67 kwa 95, ya kuchapwa upya ni 64 kwa 89. Tofauti ya 1.43 na 1.40 huwezi kuipima kwenye skrini, kwa hiyo linganisha na jirani yake. Ikiwa filamu ilipigwa baada ya 1983 na kadi ya 1952 imelala juu ya karata au juu ya Topps ya 1987, tazama kingo: ya asili itachomoza milimita 6 kwa urefu na 3 kwa upana, ya 1983 itafunika sawasawa.